Kabla ya Saa Tisa: Masharti kwa Anayetaka Kununua Hisa Asubuhi na Kuiuza Alasiri

Nina duka la pembejeo Kitale na shamba la nyumbani Bumula, kaunti ya Bungoma. Kila mwaka kati ya Novemba na Januari, mahindi yakishauzwa na watu wakiwa na chochote mfukoni, vijana hunijia dukani na ombi moja: "Mzee, nipe jina la hisa moja ninunue asubuhi niuze jioni." Wamesikia kwamba niliwahi kufanya biashara hiyo. Ni kweli niliifanya, na ilinikamua vizuri.

Jina sitoi. Natoa masharti. Anayeuliza jina hufikiri kazi ni kukisia hisa itakayopanda, na hiyo ni sehemu ndogo tu. Sehemu kubwa ni kujua kama atapatikana mtu wa kuinunua kutoka kwako kabla soko halijafungwa saa tisa alasiri, na kama bei atakayokupa italipa makato utakayokuwa umekatwa mara mbili. Ukishindwa kujibu hayo mawili, nenda kapalilie.

PIGA HESABU YA MAKATO KABLA HUJAITAZAMA BEI

Soko la Hisa la Nairobi liliruhusu rasmi kununua na kuuza hisa ile ile ndani ya siku moja mnamo Novemba 2021, likaweka na punguzo dogo kwenye ada yake. Vijana walisikia neno punguzo wakaishia hapo. Sehemu kubwa ya gharama ni kamisheni ya dalali, na dalali ana bei yake. Ukiwa na pesa kidogo, makato yote kwa pamoja, ya dalali, ya soko na ya wasimamizi wake, yanaweza kufika asilimia 2.1 unaponunua. Ukiuza, unakatwa upya. Wapo madalali wa mtandaoni wanaokata chini ya hapo. Mwambie wako akuandikie kiwango chake. Cha mdomo usikikubali.

Sasa chukua kalamu. Tuseme hisa ni shilingi 20 na makato ni asilimia 2. Umenunua hisa 1,000: umelipa 20,000 na 400 juu yake, jumla 20,400. Mchana bei imefika 20.30, na jirani yako kinyozi anakupongeza. Uza basi. Unapata 20,300, unakatwa 406, unabaki na 19,894. Umepoteza shilingi 506 kwenye hisa iliyopanda.

Ngoja ipande zaidi. Imefika 20.80, yaani asilimia 4 nzima kwa siku moja, jambo ambalo hisa kubwa za Nairobi hazilifanyi mara nyingi. Unapata 20,800, unakatwa 416, unabaki na 20,384. Bado una hasara ya shilingi 16, na bando la intaneti sijalihesabu.

Tena soko lenyewe lina dari. Kwa kawaida bei ya hisa hairuhusiwi kupanda wala kushuka zaidi ya asilimia 10 kwa siku. Kwa hiyo hata siku ile moja ya ndoto, umenunua palepale bei ilipoanzia na umeuza palepale darini, kwa makato hayo unabaki na faida isiyofika asilimia 6. Siku mbaya nayo ina sakafu ya asilimia 10, na makato yako pale pale.

Broka wa mahindi hapa Kitale hahitaji kufundishwa hili. Akinunua gunia Endebess anajua pesa ya wapakiaji, pesa ya lori, sesi ya kaunti, na hata bei ya gunia lenyewe tupu. Mwambie anunue kwa 3,500 auze kwa 3,550 siku hiyo hiyo, atakuuliza kama umelala vizuri. Lakini broka huyo huyo nimemwona kwa macho yangu, simu mkononi, akishangilia hisa iliyopanda senti 15.

USINUNUE HISA KABLA HUJAHESABU WANUNUZI WAKE

Kosa langu kubwa nalikumbuka kwa saa na dakika. Ilikuwa saa nane na dakika arobaini, nimesimama nyuma ya kaunta, mteja anangoja nimtolee dawa ya magugu. Nilikuwa na hisa 10,000 za kampuni ndogo ambayo kundi moja la Telegram lilikuwa limeisifu tangu alfajiri. Nilizinunua kwa shilingi 3.10. Simu ilionyesha bei ya mwisho 3.34, na moyoni nilikwisha kuitumia ile faida kununulia mabati.

Nikafungua ukurasa wa oda, ambao ningalipaswa kuufungua kabla ya kununua. Upande wa wauzaji kulikuwa na hisa 86,000 zikingoja kwa 3.34, kwa 3.35, kwa 3.36. Upande wa wanunuzi: hisa 300 kwa 3.20, hisa 1,200 kwa 3.05, hisa 500 kwa 2.90. Basi. Chini ya hapo, weupe mtupu. Ile 3.34 iliyokuwa ikinichekea ilikuwa ya mtu mmoja aliyenunua hisa 100 saa nne asubuhi, kisha akaenda zake. Mteja akaniuliza, "Mzee, kwani hiyo dawa imeisha?"

Ilinichukua siku tisa za kazi kuzimaliza, vipande vipande kama mtu anayeuza gunia kwa gorogoro, na za mwisho nilizitoa kwa 2.61. Lile kundi lilikuwa limehamia kusifu kampuni nyingine siku ya pili yake. Waliokuwa wakisifu ndio waliokuwa wakiuza. Ndiyo maana wauzaji walijaa vile.

Kwa hiyo sharti ni hili: fungua oda kwanza. Angalia bei ya juu kabisa anayotoa mnunuzi na bei ya chini kabisa anayotaka muuzaji. Pengo likizidi asilimia 1, funga simu, kwa sababu hilo pengo nalo ni makato, ila halina risiti. Kisha jumlisha hisa zinazotakwa na wanunuzi walio karibu na bei. Kipimo changu ni kwamba ziwe angalau mara 10 ya zile ninazokusudia kushika. Kikiwa kigumu kwako, punguza hisa, kipimo kiache.

FUPISHA ORODHA YAKO

Soko la Nairobi lina kampuni zipatazo 60. Zipo ambazo siku inaisha bila hata hisa moja kuuzwa. Biashara ya kila siku imerundikana kwa chache: Safaricom, Equity, KCB, Co-operative Bank, EABL, na nyingine unazoweza kuzimaliza kwa vidole vya mikono miwili. Anayeanza asitoke nje ya hizo kwa mchezo wa siku moja. Sikwambii uzinunue. Nasema ukikwama ndani yake, utapata pa kutokea.

Hapa ndipo penye ugumu wote, na sitaki uupite mbio. Hisa zenye wanunuzi wengi husogea polepole. Siku nyingi hupanda au kushuka kwa senti chache, na senti hizo hazilipi makato. Hisa zinazoruka asilimia 7 au 8 kwa siku ni zile ambazo hazina wanunuzi, na ndiyo sababu zinaruka: mtu mmoja mwenye haraka anatosha kuisukuma bei. Kwa hiyo unayoweza kuiuza haikulipi, na ile ambayo ingekulipa huwezi kuiuza. Mtu aliyeelewa sentensi hiyo ataona kwamba siku nyingi katika soko letu jibu la "ninunue gani leo?" ni hakuna.

Uganda na Tanzania usikimbilie. Kampala na Dar es Salaam masoko ni membamba kuliko letu.

ANDIKA DAFTARI SIKU 20 BILA KUWEKA SHILINGI

Nunua daftari la mkono, lile la mistari. Chagua hisa tano. Kila siku ya kazi andika bei ya kufungua, bei ya juu, bei ya chini, bei ya kufunga, na idadi ya hisa zilizouzwa. Soko linafunguliwa saa tatu na nusu asubuhi. Kabla ya kufunguliwa andika ungenunua ipi na kwa bei gani, kwa wino, usifute. Jioni toa makato pande zote mbili, kisha andika umebaki na ngapi.

Wengi hawafiki siku ya 20. Kijana mmoja wa Kiminini aliniletea lake siku ya 12, amekasirika kama vile mimi ndiye niliyemchukulia pesa, na shilingi alikuwa hajapoteza hata moja. Alikuwa amekisia vizuri siku saba kati ya 12, na daftari lilikuwa limekula hasara siku 11. Nikampa soda. Hilo daftari lilimwokolea karo ya muhula mzima.

Tusijidanganye kwamba ni ujinga wa hapa kwetu. Brazil watafiti waliwafuatilia watu walioingia biashara ya siku moja kati ya 2013 na 2015, katika soko lenye wanunuzi na wauzaji wengi kuliko letu mara nyingi. Kati ya wale walioendelea kwa zaidi ya siku 300, 97 kati ya 100 walipoteza pesa. Hao ndio waliokuwa na bidii. Walioacha mapema hawamo humo.

USIKOPE. USIKOPE.

Si Fuliza, si Hustler Fund, si sacco, si chama cha mama, si shemeji.

Mwaka 2006 hisa za KenGen ziliuzwa kwa umma kwa shilingi 11.90, na zilipoingia sokoni zikapanda mno. Homa ikaingia nchi nzima. Safaricom ilipokuja Machi 2008, kwa shilingi 5 hisa moja na kima cha chini hisa 2,000, nilipanga foleni Bungoma mjini tangu asubuhi, nyuma yangu mwalimu, mbele yangu mama mwenye kuku wawili kwenye kikapu. Watu walichukua mikopo. Maombi yalizidi hisa zilizokuwapo zaidi ya mara tano, na sisi wanunuzi wadogo tukapewa takriban moja ya tano ya tulizoomba. Aliyekopa 100,000 alipata hisa za kama 20,000, na kiasi kilichobaki kikawa kinangojewa kirudishwe huku riba ikitembea kwenye mkopo wote.

Zikaanza kuuzwa tarehe 9 Juni 2008, zikapita shilingi 7, kila mtu akawa tajiri wa mdomo. Mwanzoni mwa 2009 zilikuwa chini ya shilingi 3. Mwenye pesa yake mwenyewe alizisahau kabatini. Mwenye mkopo aliuza, kwa sababu mwenye kudai hasubiri. Hisa hizo hizo zilikuja kupita 40 mwaka 2021, naye yule mwalimu wa nyuma yangu alikuwa ameshauza zake miaka 12 kabla.

Sasa fikiria mkopo wa simu kwa biashara ya saa tano na nusu, yenye makato ya asilimia 4. Sina la kuongeza.

TAZAMA KALENDA MBILI, YA SOKO NA YA SHAMBA

Hisa husogea zinapokuwa na habari. Benki zetu hufunga mwaka Desemba na matokeo yake hutoka zaidi Machi. Ya robo na nusu mwaka hutoka Mei, Agosti na Novemba. Safaricom hufunga mwaka mwisho wa Machi na kutangaza Mei, kisha ya nusu mwaka Novemba. Kampuni ikiona faida yake itapungua kwa asilimia 25 au zaidi, sharti itoe onyo hadharani. Siku hizo ndizo bei huweza kusogea kiasi cha kulipa makato. Ndizo pia siku wenye pesa nyingi na kompyuta Nairobi wanakuwa macho kukuzidi.

Kalenda ya pili ni yako. Machi, benki zinapotangaza, Trans Nzoia tunatafuta mbegu na mbolea. Agosti, matokeo ya nusu mwaka yanapotoka, kwetu Bungoma mwaka ukiwa wa shufwa ni tohara, na mwenye mtoto anayeingia jandoni anajua kinachohitajika. Soko linakuitia pesa wakati ule ule nyumba inapoziitia. Pesa ya mbegu usiiguse. Mvua ikinyesha haitakusubiri uuze hisa, na ukiuza leo pesa hukamilishwa siku ya tatu ya kazi.

Kuhusu mgao wa faida: usinunue hisa siku chache kabla ya kufungwa kwa vitabu ukidhani umeokota pesa. Mgao ukishatengwa, bei nayo kwa kawaida hushuka kwa kiasi kinachokaribia mgao, na mgao wenyewe unakatwa kodi ya asilimia 5. Ukiondoa makato ya kuingia na kutoka, umefanya kazi ya bure.

WEKA BEI YAKO MWENYEWE

Ukiagiza kununua, taja bei ya juu kabisa utakayolipa. Ukiagiza kuuza, taja ya chini kabisa utakayokubali. Oda isiyo na bei kwenye hisa yenye wanunuzi wachache ni sawa na kumwachia broka gunia zako ukimwambia utarudi kesho.

Na kabla hujabonyeza, andika kwenye daftari bei ambayo ikifika, unatoka na hasara yako. Andika kabla, ukiwa na akili timamu. Ukishanunua, hutakuwa nayo.

USISAHAU KWAMBA MLANGO HUFUNGWA NA WENGINE

Ijumaa tarehe 3 Julai 2020 hisa za Kenya Airways zilisimamishwa kuuzwa, bei ikiwa shilingi 3.83. Kwanza ilisemwa ni miezi mitatu. Zilirudi sokoni Januari 2025, baada ya miaka minne na nusu. Aliyenunua Alhamisi kwa nia ya kuuza Ijumaa alibaki nazo muda wa kutosha mtoto aliyezaliwa siku hiyo kuanza shule ya chekechea. ARM Cement na Deacons zilisimamishwa mwaka 2018. Uchumi ilisimamishwa 2006, ikarudi 2011, ikaanguka tena.

Kampuni yenye madeni ya kutisha na habari za msimamizi magazetini ndiyo yenye hisa za bei ya peremende, na ndiyo mgeni huikimbilia kwa sababu "ikipanda senti 10 tu nimepiga." Kaa mbali. Bei kuwa ya senti haimaanishi ni rahisi.

USIMPE MTU AKAUNTI YAKO

Fungua akaunti ya CDS, ile inayohifadhi hisa zako, kwa jina lako, kwa dalali mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Orodha ya wenye leseni iko hadharani. Isome mwenyewe, usisomewe. Muulize kama mfumo wake unakuruhusu kuuza leo ulichonunua leo, kwa sababu soko kuruhusu ni jambo moja na dalali wako kuweza ni lingine. Tangu Agosti 2025 unaweza kununua hata hisa moja, ambapo zamani ilikuwa lazima 100. Uliza basi kama kuna ada ya chini kabisa, maana ada ya shilingi kadhaa kwenye hisa ya shilingi 30 ni kichekesho.

Neno la siri usimpe yeyote, hata akiwa mpwa wako aliyesoma biashara chuo kikuu. Pesa usiyotumia usiiache kwa dalali. Walioanza juzi hawakumbuki Francis Thuo and Partners mwaka 2007, wala Nyaga Stockbrokers iliyowekwa chini ya usimamizi Machi 2008, ambako wapo wateja waliokuta hisa zao zimeuzwa bila ruhusa yao. Mfuko wa fidia kwa wawekezaji ulikuwa na kikomo cha shilingi 50,000 kwa mtu. Omba taarifa ya akaunti yako ya CDS kila mwezi, kutoka kwa wanaozihifadhi hisa, na uilinganishe na daftari.

PROGRAMU ZA NG'AMBO ZIACHE

Hili ni fupi kwa sababu halina mjadala. Wapo vijana wanaokesha Kitale wakifuatilia hisa za Marekani, ambazo kwetu huanza kuuzwa saa kumi na nusu jioni, au saa moja baadaye wakati wa baridi yao. Programu nyingi wanazotumia haziuzi hisa. Zinauza dau juu ya bei ya hisa, tena kwa mkopo wa ndani: unaweka 1,000 unashika dau la 20,000, na bei ikisogea asilimia 5 upande usio wako, elfu yako imekwenda. Wasimamizi wa masoko wa Ulaya walipochunguza mwaka 2018 walikuta kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za watu wa kawaida zinapoteza pesa, wakaamuru kampuni ziandike hivyo kwenye matangazo yao. Wanaokuletea tangazo kupitia picha ya gari la kukodi hawaandiki.

USINUNUE KAMPUNI KWA SABABU UNAIPITA NJIANI

Nzoia Sugar haiko sokoni. Kenya Seed, ambayo mbegu zake nauza kila Machi, haiko sokoni. Akija mtu na karatasi anakuuzia "hisa za Nzoia" hotelini Kanduyi, lipa chai yako uondoke.

Iliyokuwa sokoni ni Mumias, iliyoingia mwaka 2001 kwa shilingi 6.25, na hapo ndipo penye kidonda cha watu wa magharibi. Wakulima wa miwa waliinunua kwa sababu waliliona bomba la moshi kutoka shambani. Moshi ukitoka, walisema, kampuni iko hai. Bei ya hisa haiko bombani. Iko kwenye deni, kwenye sukari ya magendo, kwenye bei ya miwa na kwenye nani anaendesha, na hayo hayaonekani ukiwa Bumula.

USIBADILISHE JINA LA HISA SAA NANE NA NUSU

Hili nimeliweka mwisho kwa kuwa ndilo lililowamaliza wengi ninaowajua, nami nilikaribia. Umenunua asubuhi kwa nia ya kuuza kabla ya saa tisa. Saa nane na nusu bei iko chini ya ile uliyoiandika kwenye daftari. Badala ya kuuza, unajiambia kwamba, kwa kweli, kampuni ni nzuri, na wewe tangu hapo ulikuwa mwekezaji wa muda mrefu. Kesho ikishuka tena unaongeza nyingine, kwa sababu sasa ni rahisi. Kama ulinunua kwa siku moja, uza siku hiyo. Ukitaka kuwekeza kwa miaka mitano, hiyo ni kazi nyingine, na hisa yake huchaguliwa kwa macho mengine.

Shemeji yangu alinunua Mumias kwa wiki mbili. Aliniambia hivyo mwenyewe, nyumbani kwake, miwa yake ikiwa imesimama nyuma ya choo: wiki mbili, nipate ya kumalizia nyumba. Iliposhuka akaongeza. Ilipofika shilingi moja akaongeza. Ilipokuwa chini ya nusu shilingi akauza ng'ombe akaongeza, akisema haiwezi kushuka tena kwa sababu imebaki wapi pa kushukia. Septemba 2019 kampuni ikawekwa chini ya mrasimu na KCB, na hisa zake zikasimamishwa. Baadaye kiwanda kilikodishwa kwa Sarrai Group ya Uganda na bomba likatoa moshi tena, lakini hisa zilibaki zimefungwa.

Anazo bado kwenye akaunti ya CDS. Nyumba imeezekwa upande mmoja. Kila Krismasi tukikaa chini ya mwembe wake, kabla kuku hajaletwa, huniinamia na kuuliza kwa sauti ndogo watoto wasisikie: "Shemeji, wamefungua?"